Mguno Nyuma ya Besi

Kosa lenyewe lilikuwa dogo, na Sikio alilionea fahari.

Kazi yake ilikuwa kuhamishia muziki wa kanda za zamani kwenye kompyuta, kuusafisha na kuutoa upya kwa sauti ya dijitali ya hali ya juu. Walimwita Sikio kwa sababu, walivyosema, angeweza kusikia mbu akimeza mate. Safari hii aliletewa albamu zote za bendi moja ya fanki iliyovunjika zamani. Aliyezileta ni mjane wa mpiga besi.

"Nitunzie hizi, mwanangu," alisema yule mama. "Ndiye mume niliyebaki naye."

Nyuma ya besi kulikuwa na mguno. Marehemu alikuwa na tabia ya kuguna huku akipiga, chini chini, kama anayebembeleza mtoto. Sikio aliuona uchafu tu, akauondoa wimbo baada ya wimbo. Haikutosha. Aliukusanya ule mguno mtupu, bila muziki, akawarushia mafundi wenzake kwenye simu: "Msikieni babu anavyojikamua." Walicheka kutwa nzima.

Mjane alipokuja kusikiliza, alivaa hedifoni, akafumba macho, akatabasamu. Kisha tabasamu likamwisha.

"Mbona simsikii?"

"Besi si hiyo hapo, mama?"

"Besi naisikia. Yeye simsikii."

Aibu ilimpanda Sikio mpaka masikioni. Akadai kanda zimechakaa, ndicho kilichopatikana. Mama wa watu akashukuru hivyo hivyo, na shukrani ile ikamchoma kuliko tusi.

Jioni friji ya nyumbani kwake ikaguna. Akachomoa waya, mguno ukahamia bombani, ukatoka bombani ukaingia ukutani, na harufu ya sigara na mafuta ya nywele ya kizamani ikaujaza ukumbi ambamo hakuna aliyewahi kuvuta sigara, naye akaufuata ule mguno akipapasa ukuta, mkewe nyuma yake ameshika shati lake, mpaka wakafika chumbani kwa binti yao mdogo, wakamkuta amekaa kitandani, mdomo ameufumba, anaguna kwa koo la mwanamume mzima.

"Baba yake," mkewe alinong'ona, "umetuletea nini humu ndani?"

Asubuhi sauti ya mtoto ilikuwa imekauka. Alipoita "baba" ilitoka pumzi tupu.

Shangazi wa mkewe, aliyekuwa mganga, alikuja akaweka sikio kwenye kifua cha mtoto. Hakuchukua muda.

"Huyu si marehemu," alisema taratibu. "Ni jini. Aliupenda ule mguno, akafanya makao humo. Umemfukuza, tena ukamfanya kichekesho. Sasa anatafuta koo la kukaa. Mrudishie makao yake. Halafu kamwombe yule mjane radhi kwa mdomo wako, mbele ya hao uliowachekesha."

"La kwanza nalifanya leo hii."

"Nimekwambia mawili."

"Shangazi, nitawatazama vipi watu?"

"Mficha uchi hazai," mganga akasema, akachukua mkoba wake.

Sikio aliurudisha mguno kwenye kila wimbo, akamtumia mjane albamu pamoja na maneno machache: kwamba amehangaika sana, akafanikiwa kuokoa sauti iliyokuwa imepotea. Hata hapo alitaka sifa. Wenzake hakuwaambia neno. Nyumba ikatulia, harufu ikaondoka, mkewe akalia kwa furaha, naye akajiambia kwamba sauti ya mtoto itarudi yenyewe, na kwamba waganga nao huzidisha mambo.

Kesho yake mchana mjane akapiga simu. Muziki ulikuwa ukilia nyuma yake.

"Mungu akubariki, mwanangu. Nimemsikia mume wangu."

Sikio akashusha pumzi.

"Ila nikuulize. Huyu mtoto wa kike anayeguna naye ni nani? Bendi yao haikuwa na mtoto."

Sikio akageuka. Binti yake alikuwa amesimama mlangoni, mdomo wazi, mishipa ya shingo imemtoka, anamwita kwa nguvu zake zote. Chumba kilikuwa kimya.

"Upo, mwanangu?" aliuliza yule mama. "Sikiliza. Sasa anaita baba."