Maji ya Amida Hayataki Shaba

Wa kwanza kumwambia Christiane habari ile alikuwa Mulenga, mama muuza makaa wa barabara yao.

"Mama Doudou, jirani yako amepika bahari ndani ya salon!" alisema akicheka. "Na mutoto wako njo mulinzi."

Christiane akacheka naye, kwa kuwa watu walikuwa wakisikiliza.

Mwanawe Doudou alikuwa na miaka mitatu. Kila alasiri alivuka uwanja akaingia kwa Amida, mke wa Sumaili, ambaye hakuwa amejaliwa mtoto. Christiane alipomfuata alimkuta sebuleni, ameketi mbele ya sanduku kubwa la kioo, lenye maji na mawe matupu.

"Samaki iko wapi?"

"Bado, mama. Mayi ya chumvi inapaswa kuiva kwanza," alisema Amida. "Niko najifunza kwa telefone tu. Naogopa kuharibu."

Maji yakaiva, yakawa tayari kupokea viumbe. Sumaili akaleta samaki wawili wa rangi ya chungwa, kisha tumbawe laini, kiumbe kinachokaa juu ya jiwe kama mmea. Lilikuwa na vidole kama vya mtoto. Likiguswa, lilijifunga. Doudou alikunjua kiganja chake mbele ya kioo, nalo likakunjua vidole vyake.

Amida hakumruhusu mtoto kutia mkono ndani, kwa sababu ya bangili yake ya shaba.

"Mayi hii inakatala shaba," alieleza. "Kidogo tu, na bote banakufa."

Christiane aliona ni maneno ya kuchekesha, katika mji unaoishi kwa shaba. Lakini aliyashika.

Siku moja Doudou akamgeukia Amida, akamwita, "Mama." Christiane alikuwa mlangoni.

"Anachanganya tu, Mama Doudou," Amida alisema kwa aibu. "Usikasirike."

"Si kitu, mama."

Njiani alimbana mtoto kifuani mpaka akalia.

Bangili ile ilikuwa ya familia. Christiane aliivaa alipokuwa mchanga, na Doudou alivikwa siku alipotolewa nje mara ya kwanza. Bibi yake Christiane alikataza isivuliwe kabla meno ya utoto hayajang'oka, kwa kuwa ndiyo inayomlinda mtoto. Usiku ule Christiane aliivua. Kesho yake, Amida alipokwenda jikoni kutazama chai, Christiane aliitumbukiza majini, nyuma ya mawe.

Samaki wakaelea. Tumbawe likajikunja kama ngumi.

Amida alimwaga maji yote, akatoa mawe, akayapangusa moja moja.

"Nimetafuta shaba kila pahali," alinong'ona. "Hamuna kintu."

Christiane aliinama kutazama. Kweli. Bangili haikuwamo.

Alasiri ile Doudou akanyamaza. Hakulia. Hakuomba chakula. Ngumi zake zote mbili zilikuwa zimefumbwa. Christiane alijaribu kuzifungua. Zikakaza. Akambusu shavuni.

Chumvi.

Pale bangili ilipokuwa, palikuwa na duara jeupe. Akalifuta kwa kitambaa chenye maji. Ngozi ikakauka. Duara likarudi.

"Doudou, unaumwa wapi?"

"Mama anafunga mukono," alinong'ona mtoto.

"Mama gani? Miye?"



Asubuhi iliyofuata Christiane alimbeba akavuka uwanja. Amida alikuwa mbele ya kioo, macho yamevimba. Alikuwa ametia maji mapya, na tumbawe bado lilikuwa limejikunja juu ya jiwe lake. Christiane hakusalimu. Aliuzamisha mkono wa Doudou ndani ya maji.

Vidole vikafunguka, kimoja kimoja.

Juu ya jiwe, tumbawe nalo likafunguka.

Amida akajiziba mdomo. Christiane akautoa mkono. Vyote viwili vikajifunga. Akaurudisha. Vikafunguka.

"Mama," akasema Doudou, na akatabasamu. Hakumtazama Christiane. Hakumtazama Amida. Alikuwa akitazama nyuma ya mawe.

"Mushike," Christiane alinong'ona, akimkabidhi Amida mtoto. "Usitoe mukono yake. Nakuomba, mama."

Akarudi nyumbani peke yake. Nyumba ilikuwa kimya. Akachota maji bombani, akatia sabuni, akaanza kufua shuka ya Doudou. Alisugua. Akaongeza sabuni. Povu halikutoka. Akaonja maji kwa ncha ya ulimi, akayatema. Chumvi.

Kisha akainua mikono ili ikauke juani. Maji yalipokwisha kukauka, duara jeupe lilikuwa limezunguka kifundo cha mkono wake mwenyewe, pale alipovaa bangili utotoni, na vidole vyake vilikuwa vimeanza kujikunja.