Tiketi ya Kwenda Tu

"Mzigo umezidi, dada. Lipia ziada au upunguze," alisema karani wa uwanja wa ndege bila hata kuinua macho.

Fundi wa magauni hakulipa. Alilivuta sanduku lake pembeni kidogo, akalifungua mbele ya foleni nzima, akaanza kuvaa. Juu ya gauni lake la maua ya zambarau alipandisha sketi ya kitambaa kizito. Akafuatisha sweta, sweta nyingine, halafu koti refu la kijivu lenye vifungo vikubwa, na shingoni akajizungushia mitandio kama mtu anayeumwa koo. Nyuma yake alikuwa amesimama mwanamume mrefu, shati lake jeupe limenyooshwa kwa pasi mpaka kola imekaza. Alijizuia, alijizuia, akashindwa, akaangua kicheko.

"Unacheka nini, kaka? Hujawahi kuona mtu anavaa?"

"Nimeona. Ila anayevaa kabati zima, leo ndiyo mara ya kwanza."

"Basi tazama vizuri, hakuna kiingilio."

"Mimi sina mzigo, dada yangu. Ngoja nikulipie hiyo ziada, utakufa kwa joto."

"Nife na hela zangu mfukoni. Karani, pima tena!"

Sanduku likapimwa tena, likapita. Yule mwanamke akaondoka pale ametuna kama godoro, kidevu juu, jasho linamtiririka nyuma ya masikio.

Kwenye ukumbi wa kusubiri alianza kuvua, na mwanamume yule akamnyooshea mikono bila kuombwa. Akaning'iniziwa mitandio, sweta na koti, mpaka ikabaki pua na macho tu. Alikuwa fundi wa lifti, ametoka kutengeneza lifti ya hospitali, anarudi kwao. Mwanamke ndiye aliyekuwa safarini, anakwenda mji huo huo kupeleka gauni la harusi.

"Bwana Lifti, tiketi yako umenunua lini?"

"Jana."

"Jana! Umelipa na mafuta ya rubani basi."

Alicheka tena, na mwanamke akagundua kwamba kile kicheko hakimkeri hata kidogo. Namba zikabadilishwa kabla ndege haijaitwa.

Mapenzi yao yakaota kwenye simu. Kila mwezi mmoja wao alipanda ndege kumfuata mwenzake, na mwanamke ndiye aliyekuwa mwalimu wa safari. Alimfundisha kununua mapema, kupanda ndege ya katikati ya wiki mchana, ile ambayo watu wa ofisini hawaitaki, na kwenda na kampuni moja akarudi na nyingine ikiwa ndiyo nafuu.

"Mpenzi, kwa ubahili huu siku moja utaniambia nishuke njiani."

"Ukishuka, niachie koti lako."

Basi ikafika siku ya mwanamke kutambulishwa kwa dada mkubwa wa Bwana Lifti, ambaye ndiye aliyemlea. Safari hii mwanamume alinunua tiketi mwenyewe, tena mapema, akaituma kwenye simu kwa majivuno. Mwanamke aliisoma juu mpaka chini, kisha akapiga.

"Umejitahidi, roho yangu. Ya kurudi iko wapi?"

"Ya kurudi ya nini?"

"Ya kunirudisha dukani kwangu!"

"Nilidhani... ukishafika, tukishaoana, utakaa. Dada anasema mwanamke mwenye tiketi ya kurudi, mguu mmoja uko nje."

"Kwa hiyo mmeshakaa wewe na dada yako, mmenifungia duka? Mimi ni mzigo, natumwa kwa upande mmoja?"

"Mpenzi, nisikilize..."

Alikata. Alipopigiwa tena, hakupokea. Siku zikapita, cherehani inanguruma kwa hasira mpaka wateja wakawa wanaacha vitambaa mlangoni na kuondoka kimya kimya.

Ilipobaki usiku mmoja kabla ya safari, mama yake alimkuta anapanga sanduku.

"Si ulisema huendi?"

"Tiketi haibadilishwi wala hairudishiwi hela, mama. Siwezi kuiacha iende bure."

"Kwa hiyo ni tiketi tu inayokupeleka?"

"Tiketi tu."

Mama aliliangalia gauni jipya la bluu, la kiuno chembamba na mikono ya lesi, lililokuwa limetundikwa mlangoni. Akaguna, akatoka.

Bwana Lifti alimpokea uwanjani, macho mekundu. Alifungua mdomo, akaambiwa: "Twende kwa dada yako kwanza."

Sebuleni kwa dada, makochi yalikuwa ya ngozi nyeusi na kioo cha meza kinang'aa mpaka mtu anaogopa kuweka kikombe. Dada mwenyewe alivaa suti ya kijani na lulu masikioni.

"Karibu, wifi yangu. Sanduku ni hili tu? Vingine vinakuja na gari?"

"Vingine vimebaki kazini, dada. Na tiketi ya kurudi nimejinunulia mwenyewe. Jumatano mchana."

"Sasa hiyo itakuwa ndoa gani? Mke kule, mume huku, mnapishana angani?"

Mwanamke akamgeukia mwanamume. "Nakupenda, na sioni haya kusema mbele ya dada yako. Lakini lile duka nimelianza na cherehani moja ya kuazima, barazani kwa watu, na silifungi kwa ajili ya mtu yeyote. Ukinitaka, nitake nalo. Hunitaki, Jumatano si mbali."

Bwana Lifti alisimama.

"Dada, umenilea, nakuheshimu. Lakini kwa hili nilikusikiliza wewe, nikasahau kumuuliza yeye." Akamshika mwanamke mkono. "Nisamehe. Nakuomba unikubali, nami nakutaka kama ulivyo, na duka lako, na mambo yako yote. Mwezi mmoja nije, mwezi mmoja uje, mpaka tutakapoamua vingine sisi wawili."

"Sisi wawili?"

"Sisi wawili. Hakuna wa tatu."

"Mtamaliza mishahara yenu kwa ndege!" alilalamika dada.

Wapenzi walitazamana, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Hata dada mdomo ulimcheza, akakimbilia jikoni kuficha sura.

"Nimekubali," alisema mwanamke akifuta machozi. "Lakini Jumatano unakuja na mimi ukaniombe kwa mama. Toa simu, tafuta nafasi."

Bwana Lifti alitafuta, akakunja uso. "Nafasi ipo. Bei inaumiza."

"Hiyo ndiyo faini ya kuchelewa. Nunua."

"Na kiti cha pembeni yako wanataka nyongeza. Nilipe?"

"Usilipe hata senti! Nitamwambia atakayekaa pale akupishe. Nani atamkatalia bibi harusi?"