Kichwa cha Akeno Hakikuwa Uvivu

Wazazi wenzangu wa Lodwar na Kakuma, hebu nisikilizeni kidogo.

Binti yangu Akeno aliolewa Kakuma. Nilipoenda kumtembelea, nilimkuta mlangoni na mtoto mgongoni, anasuka kikapu cha majani ya mkoma huku akiimba wimbo wa kanisani. Ilikuwa nyumba ya amani, ukikaa hutaki kuondoka.

Halafu kichwa kikaanza. Kila asubuhi akiinama bombani kuchota maji, kinampasua mpaka anatapika. Mama mkwe wake, Atiir, akamcheka mbele ya wanawake.

"Kichwa gani hiki kinajua saa ya maji? Jioni kinaenda wapi?"

"Mama, si uvivu," Akeno akamjibu.

"Basi ni mimba. Mchinjieni mbuzi!"

Wote wakacheka, hata mume wake, Ethuro. Wewe unayesoma, pengine ungecheka pia.

Vikapu alivyosuka vikaanza kwenda upande. Nikamuuliza, "Mwanangu, unaona vizuri?"

"Naona ukungu tu, mama."

Nikamsihi Ethuro ampeleke hospitali. Akasema, "Mama, tulia. Atachanjwa kwenye paji la uso, damu mbaya itoke." Wakamchanja kwa wembe. Damu ilitoka, kichwa kikabaki vilevile.

Siku moja akaanguka bombani, mwili wote unatetemeka. Hapo hakuna aliyecheka. Tukamkimbiza hospitali ya Lodwar, wakampiga picha ya kichwa, wakatutuma Eldoret, mimi, Ethuro na Atiir. Daktari akatuambia, "Ana uvimbe kwenye ubongo, umejaa mishipa ya damu. Tutaziba kwanza mishipa inayoulisha, kisha tuutoe. Tunahitaji watu wa kumtolea damu."

Ethuro akauliza, "Mtu akipasuliwa kichwa, anarudi kuwa mtu?"

"Wengi wanarudi. Tukiuacha, utamuua."

Atiir ndiye aliyefunua mkono wake. "Chukueni yangu. Ile tuliyomwaga kwa wembe ilikuwa yake."

Upasuaji ulichukua mchana mzima. Nilimaliza maombi yote ninayojua, nikaanza tena. Kesho yake Akeno akaamka, akanishika mkono.

"Mama, kichwa hakiumi kabisa."

Nikalia kwa furaha.

"Lakini mbona mnakaa gizani?"

Jua lilikuwa limejaa chumba kizima.

Daktari alisema uvimbe ulikaa muda mrefu ukikandamiza mishipa ya macho, mpaka macho yakaharibika. Angeletwa wakati ule wa ukungu, pengine yangepona. Siku hizi Atiir ndiye anayebeba jerikeni, na kwa mkono mwingine anamwongoza Akeno.

FUNZO

Si kila kichwa kinachouma ni uvimbe, msiogope bure. Lakini kichwa kinachorudi kila asubuhi, pamoja na kutapika, macho kuona ukungu au mwili kutetemeka, usikicheke na usikichanje. Mpeleke mtu wako hospitali mapema, na daktari akisema apasuliwe, muulize yote unayoogopa, usikimbie.

Mtoto wa Akeno ameota meno. Mama yake anayajua kwa kidole tu.