Sufu Kwenye Kijito

Ragnhild alikuwa akikamua jibini. Jibini yake nyeupe iliuzwa mjini. Maji ya maziwa yaliyobaki aliyamwaga kwenye bomba, yakateremka hadi kijitoni.

Mumewe, Eivind, aliingia na viatu vya matope. Alishika samaki wawili waliokufa.

"Torgeir huyo!" alisema. "Anaosha sufu ya kondoo wake huko juu. Mawe yote yamevaa sweta."

Ragnhild akaenda kutazama. Kweli, nyuzi za kijivu zilifunika mawe.

Eivind akampigia jirani yao simu. "Wewe bwana, kijito si beseni lako!"

"Mimi sufu nauza, siioshi," Torgeir alijibu. "Na theluji ikianguka, tafuta mwingine wa kukufungulia njia."

Akakata simu. Ragnhild aliingiwa na wasiwasi. Kila majira ya baridi, trekta la Torgeir ndilo lililoondoa theluji njiani kwao. Bila njia, jibini haifiki mjini. Akaita mtu wa halmashauri.

Alikuja Oddny, mpima maji. Alichota zile nyuzi, akazitia kiganjani mwa Eivind.

"Sufu gani inateleza hivi?" Oddny aliuliza.

"Na inanuka!" Eivind alisema, akijifuta kwenye suruali.

"Hawa ni bakteria. Mmoja mmoja huwezi kumwona. Wakipata chakula kingi, wanaongezeka na kushikana hivi."

Oddny akapanda kando ya kijito, nao wakamfuata. Walipolipita bomba la jibini, mawe yote ya juu yake yalikuwa safi.

Ragnhild aliona haya. "Lakini ni maji ya maziwa tu. Si sumu. Hata mtoto anakunywa."

"Ndiyo shida yenyewe, dada. Ni chakula. Bakteria wanakila na kuongezeka haraka. Wakila, wanatumia oksijeni iliyomo majini. Samaki naye anaihitaji. Ikiisha, anakufa."

"Kumbe tumewapikia karamu," Eivind alisema.

"Tena kila siku."

"Sasa niyapeleke wapi?" Ragnhild aliuliza.

"Zamani mama mkwe wako aliyafanyia nini?"

Ragnhild akaitazama sufuria kubwa ya shaba ya mama mkwe, kule mlangoni kwao. Walikuwa wamepanda maua ndani yake.

"Aliyachemsha mpaka yakawa jibini ya kahawia. Kazi ya kutwa!"

"Basi chemsha. Yakizidi, wape nguruwe. Maji ya kuoshea vyombo yaende kwenye tangi la samadi, kisha shambani, mbali na kijito. Bomba hili lizibwe."

Eivind aliliziba siku ileile. Ragnhild aling'oa maua, akaisugua sufuria mpaka ikang'aa.

Nyuzi zilipungua polepole, kisha zikaisha. Majira ya kupukutika majani, samaki walipanda tena kutaga mayai.

Eivind akampelekea Torgeir jibini ya kahawia.

"Nilikusingizia, jirani. Uchafu ulikuwa wetu. Nisamehe."

Torgeir alikata kipande, akakiinua kwenye mwanga, akakigeuza.

"Natafuta sufu," alisema. Kisha akala.

Theluji ya kwanza ilianguka usiku. Asubuhi, Ragnhild alikuwa akikoroga sufuria aliposikia trekta likija.