Limi Hana Kosa

Limi wa kijiji cha Samuye alipenda sana kupandikiza mpunga. Akiingia kwenye majaruba yaliyojaa maji na wenzake, nyimbo zao zilisikika hadi barabarani. Lakini mumewe, Jilala, aliporudi kutoka machimbo ya Geita, furaha iliingia doa. Kila walipolala pamoja, Limi aliumia, na damu ilimtoka kidogo.

"Mama Bujiku, ugonjwa huu umeupata kwa nani?" Jilala aliuliza kwa wivu.

"Kwa nani tena, Baba Bujiku? Sina mtu!"

Jilala hakusikia. Alituma habari ukweni kwamba atamrudisha binti yao. Limi alilia, kisha akapandwa na hasira. Siku hizo watafiti wa afya ya uzazi walikuwa zahanati, wakizungumza na wanawake. Akamwambia mumewe, "Twende wote tukapimwe. Ndipo unirudishe."

Mmoja wa watafiti hao alikuwa muuguzi Eufrasia. Aliwapima wote mkojo na magonjwa ya zinaa, akamkagua Limi. Kisha akawaita pamoja.

"Magonjwa ya zinaa hamna. Mama, una kichocho kwenye njia ya uzazi."

"Kichocho?" Jilala alishangaa. "Si kile cha kukojoa damu? Utotoni tulijisifu nacho, tukasema tumekuwa wanaume!"

Eufrasia alicheka sana. "Mlikuwa wagonjwa, baba! Mtu mwenye kichocho akikojoa majini, vijidudu huingia ndani ya konokono, wakazaliana humo. Wakitoka, hupenya ngozi ya anayeingia majini. Kwa mwanamke huumiza hata ukeni. Hakiambukizwi kwa kujamiiana. Mkeo amekipata akiwalimia chakula."

Jilala aliinamisha kichwa. Aibu ilimjaa.

Wote wawili walimeza dawa. Jilala alichimba choo, akamnunulia Limi mabuti ya kuingilia majarubani. Limi alirudi zahanati kuangaliwa tena, na maumivu yakaisha. Lakini lile neno alilotuma ukweni bado lilikuwa linamchoma Jilala. Akafunga safari na mkewe hadi kwa baba mkwe.

"Shikamoo, baba. Nimekuja kufuta maneno yangu. Limi hana kosa. Ni kichocho cha majini."

"Marahaba. Na wewe ulipimwa?"

Jilala akatazama vidole vya miguu yake. "Nilipimwa, baba. Nikakutwa nacho pia!"

Mzee alicheka hadi machozi. Jikoni mama mkwe alipiga kigelegele. Limi alicheka kuliko wote, na siku hiyo walirudi nyumbani wameshikana mikono.