Asiyegeuka kwenye Negativu

Philomena alikuwa akianika negativu za harusi ya kijijini Getanuwas kwenye kamba ya stoo alipomwona yule mwanamke, na alimwona kama mke anavyoona, kabla hata ya kumtazama bibi harusi. Mwanamke huyo alikuwa pembeni kabisa mwa picha, bega moja nje, kitambaa kichwani. Kwenye picha iliyofuata alikuwa amesogea karibu na kamera.

Philomena hakuwa mtu wa kukurupuka. Alisubiri mikanda mingine. Ya wavuvi wa Basotu, yupo. Ya watalii waliopanda Mlima Hanang, yupo, tena miguu mitupu kwenye baridi ile. Mwanamke gani huyo anayemfuata mume wa mtu mpaka kileleni?

"Baba Abel," alimwuliza mumewe jioni, kwa sauti ya chini ili mtoto asiamke, "huyu ni nani?"

Wolfgang aliuinua mkanda kwenye mwanga wa dirisha. Alikuwa mpiga picha aliyeziacha kamera za kisasa akarudi kwenye mikanda, na wateja walimfuata mpaka kijijini Gitting kwa ajili hiyo. Kila kazi alibeba kamera mbili. Ya kwanza ilikuwa na mkanda wa rangi wa kasi ya mia mbili, unaoipa ngozi joto, kwa ajili ya wateja. Ya pili ilikuwa yake mwenyewe, na humo aliweka kipenzi chake, mkanda wa nyeusi na nyeupe wa kasi ya mia nne. Huo, alisema, hauna kujipendekeza, unamwonyesha mtu alivyo. Maboksi yake aliyaagiza Arusha na kuyapa nafasi ya nyama kwenye friji, na Philomena alishapigana naye sana kuhusu jambo hilo.

"Simjui," alisema Wolfgang. "Na kwenye mkanda wa rangi hayupo. Mahali ni pale pale, watu ni wale wale."

"Kwa hiyo anajificha anapotaka."

"Mama Abel, mwangalie vizuri." Alimsogezea mkanda.

Ndipo Philomena akaona. Kwenye negativu kila mtu hugeuka: uso mweusi huwa mweupe, nywele huwa kama majivu, shela ya bibi harusi huwa nyeusi tii. Mwanamke yule hakugeuka. Uso wake ulikuwa mweusi na nywele nyeusi, vilevile kama angesimama mlangoni kuomba moto. Wivu ulimtoka Philomena, akatamani urudi, maana wivu angalau aliuzoea.

Asubuhi walimwita Marieta, mama yake Wolfgang, akafika kesho yake.

"Shikamoo, mama," alisema Philomena.

"Marahaba." Bibi aliingia stoo, akanusa harufu ya dawa, kali kama siki, na chini yake harufu ya tope. "Hizi picha unazisafisha kwa maji gani?"

"Ya chemchemi," alijibu Wolfgang. "Ya bomba yana chumvi, yanaacha madoa."

"Na machafu unamwaga wapi?"

"Palepale chemchemini," alikiri Wolfgang. Kumbe kwa uvivu wa kubeba ndoo alikuwa akisuuza vyombo vyake palepale maji yanapotokea, na kumwaga dawa zake zote humo.

"Umemmwagia mwenye maji, pepo wa chemchemi ile, uchafu mlangoni," alisema Marieta polepole. "Huyo haji kusalimia. Anakuja kujilipa, na humu ndani kitu kipya ni mtoto. Nenda na maziwa na asali, ukaombe radhi. Nenda peke yako, na ukiitwa usiitike."

Philomena alimkumbatia Abel kifuani mpaka mtoto akalalamika.

Wolfgang aliondoka mchana, akarudi jua likishuka, amelowa mpaka magotini. "Yameisha," alisema.

Kweli yalionekana yameisha. Mwanamke hakuonekana tena, na Marieta alirudi kwake Mbulu akimshukuru Mungu. Philomena naye angeshukuru, ila kuna kitu kilimkera. Picha zote zilizofuata zilikuwa za rangi. Halafu akamkuta mumewe akitumbukiza maboksi ya nyeusi na nyeupe chooni.

"Wa rangi unatosha," alisema Wolfgang. "Ni mzuri zaidi."

Mtu ambaye alikuwa akibishana juu ya mkanda ule mpaka ugali unapoa! Philomena alianza kumchunguza, na kadiri alivyomchunguza ndivyo alivyopungukiwa na usingizi. Harufu ya tope ilikuwa imehama stoo ikaja kitandani. Na Abel, aliyekuwa mtoto wa kulia, alikuwa ameacha kulia.

Ulikuwa umebaki mkanda mmoja wa nyeusi na nyeupe, uliodondoka nyuma ya friji. Jumapili, Wolfgang akiwa kwenye benchi nje, amempakata mtoto, Philomena aliuweka kwenye kamera, akainyanyua.

"Mkanda gani huo?" aliuliza bila kuinua uso.

"Wa rangi."

"Sawa," alisema, akatabasamu. Philomena akabonyeza.

Ndani ya giza la stoo, akiuzungusha mkanda kwenye gurudumu la kusafishia kama alivyofundishwa na mumewe mwenyewe, alimsikia nje akimwimbia mtoto wimbo ambao Philomena hakuujua, kwa sauti iliyopanda kidogo kidogo mpaka haikuwa tena sauti ya mwanamume, na katikati ya wimbo maji yakaanza kudondoka tone baada ya tone, ingawa mvua haikuwepo na pipa la maji ya mvua alikuwa amelifunika, na harufu ya tope ikapita chini ya mlango ikamfikia, naye akaendelea na kazi, akamimina dawa, akasuuza kwa maji ya mvua, akautoa mkanda ukiwa bado umelowa, akafungua mlango kidogo, akauinua kwenye mwanga ulioingia.

Kwenye mkanda benchi liligeuka. Abel aligeuka, uso mweupe, ngumi ndogo nyeupe. Bado alikuwa mtoto wake. Aliyempakata hakugeuka.

Basi mume wake hakurudi kutoka chemchemini siku ile. Philomena alitaka kupiga yowe, akaliuma. Kulia kwa ajili ya Wolfgang kungesubiri. Alikuwa na wazo moja tu, kumchukua mtoto kwa jambo la kila siku, kisha ashike barabara. Akajipangusa mikono kwenye kanga, akatoka.

"Baba Abel, nipe mtoto. Ana njaa, nimnyonyeshe."

Aliyekaa kwenye benchi aliendelea kumbembeleza. Kifuani shati lake lilikuwa limelowa. Abel alilala kinywa wazi, mchirizi mwembamba wa tope ukimtiririka kidevuni.

"Ameshanyonya," alisema.