Mbu Mmoja Aliyeshiba

Kila asubuhi, kabla hata ya kuvua koti, Natacha alifungua friji ya maabara pale Mweso na kuwaamkia mbu wake. Leo salamu ilimkatikia mdomoni. Kichupa kimoja hakikuwapo.

Inspekta Byukusenge alimtia pingu mlinzi Hilaire, maana ufunguo ulikuwa kwake.

"Inspekta, mimi niibe mbu? Kwangu walisha kwisha?"

Byukusenge hakucheka. Alimgeukia Natacha. "Mwizi ameacha kompyuta, ameacha mbu wengine wote. Huyu mmoja ana nini?"

"Damu tumboni. Kesho tungeipima tujue ni ya nani." Natacha alifungua hifadhidata. "Humu kila mbu ameunganishwa na spishi yake, nyumba aliyonaswa, chandarua, na waliolala humo. Taarifa hizo zikipingana, mashine inakataa. Huyu ilimkataa. Chumbani alilala mtoto mmoja tu, ndani ya chandarua, na bado mbu ameshiba. Juzi nilicheka, nikasema kuna mtu ametudanganya."

"Nani alikusikia?"

"Hilaire. Na Mama Vénantie, anayefagia."

"Nyumba ya nani?"

Hapo tu Natacha alitafuta jina nyuma ya namba. Nyumba ilikuwa ya Vénantie. Akaziba mdomo. Tuyizere, binti wa Vénantie, alikuwa amezikwa mwezi uliopita. Malaria.

"Hilaire, ufunguo ulimpa nani?" aliuliza Byukusenge.

"Hakuna muntu."

"Utalala ndani."

"Basi nitalala." Aliinamisha kichwa, na Byukusenge akajua pingu zile amezifunga kwenye mikono isiyostahili. Aliona haya. Hata hivyo alimpitisha uani nazo, mbele ya Vénantie.

Ufagio ulianguka.

"Mumufungue, Papa. Mimi njo nilibeba, si yeye." Alitoa kichupa kwenye fundo la kitenge. "Iko damu ya mutoto wangu."

"Chandarua kilikuwa wapi, mama?"

"Mama mukwe alitoka Mushaki kutusalimia. Atalala aje bila chandarua, kwangu? Nikakitoa kwa mutoto, nikamufungia yeye. Bwana yangu nilimuambia mutoto alilala ndani. Nanyi pia."

Natacha alikuwa analia. Byukusenge alihangaika na kufuli ya pingu, bila kumtazama Hilaire usoni.

"Inatosha, mama," alisema.

"Haitoshi. Siku zote nasema malaria njo ilimuua." Vénantie alishusha pumzi. "Mutoto wangu nilimuacha inje ya chandarua, sababu niliogopa kuchekwa na mama mukwe."